Upanga Wenye Kiuno cha Dondora

Mjini Roma hakuna kitupwacho kikakosa wa kukiokota, na mwokotaji hodari kuliko wote katika mtaa wa Subura alikuwa Pavo. Asubuhi hiyo alikuwa amejibanza nyuma ya ghala la jeshi, kando ya mto Tiberi, akila soseji ambayo mwenye mali alikuwa bado anaitafuta, ndipo alipoona mkokoteni ukimwaga panga chini kama mtu amwagavyo kuni.

"Mjomba," akamwita mlinzi wa ghala, "vita vimekwisha, au mmechoka kupigana?"

"Vita viko kaskazini, na vinakula watu kama moto wa nyika," mlinzi akajibu. "Lakini hizi fupi hazina kazi tena. Siku hizi hata askari wa miguu anapewa upanga mrefu, kama mpanda farasi. Hizi ni chuma chakavu."

"Zinakwenda wapi?"

"Kwa wahunzi. Wakafue misumari."

Pavo akaacha kutafuna. Wapo watu ambao wakiona chuma chakavu huona misumari, na Mungu wa misumari awabariki. Pavo aliona marehemu. Aliona mababu waliokufa kishujaa, aliona vita vya Karthago, aliona machozi ya wajukuu. Na nyuma ya machozi hayo, kwa mbali lakini waziwazi kabisa, aliona mfuko wa ngozi umejaa dinari.

Aliondoka pale na panga tatu mabegani. Alizilipia kwa bangili ya Mukia, ambaye alikuwa bado hajaarifiwa.

Mukia alikuwa mwigizaji wa michezo ya jukwaani kabla hajakutana na Pavo. Tangu wakutane aliendelea kuigiza, ila sasa watazamaji walikuwa hawajui kwamba wanatazama mchezo. Waliishi pamoja chumba cha juu kabisa katika jengo ambalo njiwa wenyewe walifika wakihema.

"Bangili yangu iko wapi?" Mukia akauliza, mara tu Pavo alipoingia.

"Imegeuka panga."

"Basi ziko tatu, nami shingo ninayotaka kuikata ni moja. Chagua."

"Mpenzi wangu, nisikilize kwanza, ndipo uniue." Pavo akazilaza panga juu ya kitanda, kwa heshima, kama maiti za ndugu. "Unajua panga za askari zina mitindo, kama nywele za wanawake wa mjini? Wale wa zamani, waliopigana na Karthago, waliuiga upanga wao kwa watu wa Hispania. Ulikuwa mrefu kiasi, umebonyea katikati, ukipanuka tena kabla ya kuchongoka, na ncha yake ndefu kama jani la mwanzi. Wajukuu zao wakaufupisha na kuutanua, ila kiuno wakakibakiza. Kisha wakaja mafundi wa zama za baba zetu, watu wenye haraka: wakaunyoosha pande zote mbili kama ubao, wakautia ncha fupi, kazi kwisha."

Mukia akaokota mmoja akautazama. "Na hizi ni za wenye haraka. Hata kipofu akiupapasa atajua."

"Leo, ndiyo. Kesho tutaupa kiuno."

"Utaupa nini?"

"Kiuno! Kiuno cha dondora! Chuma huwezi kukiongeza, lakini kukipunguza ni kazi ya jiwe la kunolea tu. Mbona hata wewe umepungua tangu tukae pamoja?"

"Kwa njaa, Pavo. Si kwa jiwe." Akaugeuzageuza. "Halafu utakuwa mfupi mno."

"Hata babu aliyeuacha alikuwa mfupi."

Mukia hakutaka kucheka, na kwa sababu hakutaka, alicheka. Kisha akakaa kitandani akakunja mikono. "Sikiliza. Hii ndiyo ya mwisho. Tunagawana sawa kwa sawa, si ile hesabu yako ya kwamba ubongo unakula zaidi. Halafu tunahamia Neapolisi, kwa dada yangu, tufungue mgahawa. Ile siku walinzi walipotujia sokoni, wewe uliruka ndani ya pipa, mimi ndiye niliyechapwa."

"Lile pipa lilikuwa la mtu mmoja."

"Nilikuwa nimelitangulia!"

"Sawa kwa sawa," Pavo akasema upesi. "Naapa kwa Jupita."

Jupita ameapiwa mengi na Pavo. Huenda kule juu wana chumba maalumu cha kuyaweka.

Siku zilizofuata walifanya kazi ya jasho. Upanga wa kwanza Pavo aliupa kiuno chembamba kiasi kwamba ulikatika alipopiga chafya. Wa pili ukatoka umepinda, ukafanana na mundu wa kuvunia. Wa tatu, Mukia akamnyang'anya, akausaga mwenyewe taratibu huku akiimba, na ukatoka mwanamwali. Wakaupaka siki na chumvi, wakaufukia ndani ya samadi ya farasi, wakaufukua umeota kutu ya heshima, kutu ya karne nyingi. Mpini wake wa mfupa wakaukalisha juu ya moshi mpaka ukawa rangi ya meno ya mzee.

Ikabaki kumpata wa kuununua, na huyo hakuwa mbali. Opimiano alikuwa mwenye maghala ya nafaka, mtu mwenye kila kitu isipokuwa ukoo. Baba yake alikuwa mchukuzi wa magunia, na babu yake hakuna aliyejua. Jambo hili lilimsumbua kama jiwe ndani ya kiatu, hasa kwa vile alikuwa anataka kumwoza binti yake kwenye nyumba ya watu wakubwa. Basi alikwenda mnadani, akanunua nyuso za nta za mababu wa watu wengine waliofilisika, akazipanga ukumbini mwake. Mmoja alikuwa na pua kama kasuku, wa pili hakuwa na pua kabisa, wa tatu alifanana mno na bibi kizee. Opimiano aliwasalimu wote kila asubuhi, na alipokuja mgeni alimwonyesha yule wa pua ya kasuku na kusema, "Mzee wetu huyu alipigana na Karthago." Kilichopungua ni kitu cha kutundika chini yake.

Pavo alifika ukumbini kwa Opimiano wakati wa salamu za asubuhi, amevaa joho la manyoya, miguu imejaa matope, na harufu ya mbuzi ikimtangulia kama tarishi. Leo hakuwa Pavo. Alikuwa Numeri, mchungaji kutoka milima ya Samnio.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema huku akitazama sakafu ya marumaru kama mtu anayeogopa kuikanyaga. "Wameniambia sokoni kwamba hapa mnanunua vyuma."

"Nani amekuambia mimi ninanunua vyuma?" Opimiano akaja juu. "Mtoeni huyu!"

"Haya, baba. Nitaupeleka kwa mfua misumari." Numeri akageuka, na katika kugeuka, kitambaa alichouviringishia upanga kwapani kikateleza kidogo.

Opimiano akaona kiuno.

Mfanyabiashara yule alikuwa amewasikiliza wauza vitu vya kale miaka mingi kiasi cha kujua mambo mawili: kwamba upanga wa zamani una kiuno na ncha ndefu, na kwamba ukiupata kwa mtu asiyejua bei, usimwelimishe.

"Hebu njoo," akasema kwa uvivu, kama mtu anayemwita paka. "Lete nione hicho kikorokoro."

Akaushika. Akaugeuza, akajitia kupiga miayo. "Kijana wangu, pole sana. Huu ni wa juzi tu."

"Wa juzi?" Numeri akatumbua macho. Moyoni Pavo alikuwa nusura amkumbatie. Ametembea miji mingi akiwauzia watu kitu bandia na kukiita halisi. Hajawahi kumwona mtu anayekiita bandia kitu ambacho kweli ni bandia, kwa kuwa anadhani ni halisi. "Baba, mbona babu alisema ni wa babu yake, na huyo aliupokea kwa babu yake, aliyepigana na watu wenye ndovu?"

"Wazee husema mengi. Tazama hapa: umebonyea. Fundi aliuharibu."

"Masikini! Kumbe aliuharibu!"

"Ndiyo. Na ncha hii? Imezidi. Haifai. Lakini mimi ni mtu wa huruma. Nitakupa bei ya mbuzi."

"Jike au dume, baba?"

Hapo ndipo Mukia alipoingia. Alikuwa amevaa hariri ya kukodi, amejitia manukato mpaka harufu ya mbuzi ikasogea pembeni kumpisha. Alijitambulisha kuwa ni msimamizi wa mali za mjane mmoja mkubwa ambaye jina lake halitajwi ovyo, amekuja kuulizia ngano. Kisha jicho lake likauangukia upanga, na akashika kifua.

"Miungu yangu," akanong'ona sikioni mwa Opimiano. "Kiuno kile! Bibi yangu ametafuta upanga wa vita vya Karthago miaka na miaka. Atatoa dinari elfu mbili bila kupepesa. Ni wako, bwana?"

"Wangu," Opimiano akasema.

"Wangu," Numeri akasema wakati uleule, akisogea na harufu yake. "Kwani huyu mama anasema nini, baba? Mbona ameshika kifua? Anaumwa?"

Bei ikaanza kupanda ngazi. Numeri hakuwa akidai, alikuwa akilia. Kila alipoambiwa bei, alimkumbuka marehemu mwingine. Alieleza jinsi babu wa kwanza alivyokufa vitani, wa pili alivyokufa vitani, wa tatu alivyokufa vitani akiwa tayari amekwisha kufa mara moja. "Vizazi saba vya askari, baba! Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufia kitandani! Mimi mwenyewe nina damu hiyo hiyo. Nikisikia tarumbeta, miguu inatembea yenyewe!"

"Vizazi saba," Opimiano akarudia polepole, na kwa mara ya kwanza akamtazama mtu badala ya upanga. "Una mke, Numeri?"

"Sina, baba. Nani ataolewa na mbuzi wangu?"

"Meno yote unayo?"

Pavo akaona hii ni huruma ya tajiri, akafungua kinywa kwa fahari. Opimiano akachungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akafungua mkono kwa namna ambayo Mukia hakuipenda hata kidogo. "Dinari elfu moja. Taslimu. Lakini uape mbele ya watu wote hawa, na mbele ya mababu zangu, kwamba upanga huu ni wa ukoo wako na wewe ni mzao wa askari."

Numeri akaapa. Aliapa kwa sauti nene, kwa machozi, kwa mkono juu ya yule babu wa pua ya kasuku. Wateja waliojaa ukumbini, wale wanyonge wajao kila asubuhi kumsifu tajiri ili wapate chochote, wakanong'ona kwa heshima. Mfuko wa dinari ukawekwa mkononi mwake, mzito, wenye joto kama mkate uliotoka tanurini. Pavo alikuwa amekwisha kufika Neapolisi moyoni, anaagiza mvinyo.

"Akida Kalveno!" Opimiano akaita kuelekea chumba cha ndani. "Nimempata!"

Kutoka ndani akatoka mtu mwenye sikio moja, kipande cha jibini mkononi, fimbo ya mzabibu kwapani, na upanga mrefu ukimgonga pajani. Nyuma yake wakatoka askari wawili, nao wakitafuna.

Mambo yalikuwa hivi. Kaisari alikuwa ameamuru kila nyumba kubwa itoe mwanamume mmoja mwenye afya kwa ajili ya vita vya kaskazini. Akida huyu alikuwa amefika alfajiri kumchukua wa nyumba hii, na Opimiano, ambaye kila mtumwa wake alikuwa amemgharimu, alikuwa anamlisha jibini akiomba muujiza. Muujiza ukaingia wenyewe, unanuka mbuzi.

"Huyu hapa," Opimiano akasema. "Mzao wa vizazi saba. Umesikia alivyoapa? Anajitolea kwa niaba ya nyumba yangu."

"Nimesikia," akida akasema. "Hata jibini ilinikwama kooni kwa uchungu."

Pavo akarudi nyuma kuelekea mlangoni. "Baba... bwana mkubwa... mimi nina mbuzi!"

"Tutawatunza."

"Nina kikohozi!"

"Kaskazini kuna hewa safi," akida akasema, akimpapasa mabega kama fahali mnadani.

Pavo akaona hakuna njia ila ile ambayo hajawahi kuipita maishani mwake: ukweli. Akamvuta akida pembeni. "Mzee wangu, nisikilize. Mimi si wa Samnio. Sina babu hata mmoja wa maana. Upanga ule ni bandia. Nimeununua nyuma ya ghala la jeshi, nikausaga."

Akida Kalveno akatabasamu, akaokota kipande cha jibini kilichodondoka juu ya deraya yake ya chuma. "Unasema umemwibia mheshimiwa huyu dinari elfu moja kwa kitu bandia, ukiapa uwongo mbele ya watu?"

"Ndiyo!" Pavo akasema kwa furaha.

"Hilo ni la hakimu, basi. Mwizi wa namna hiyo hupelekwa machimboni, achimbe chumvi mpaka afe. Jeshini angalau kuna chakula. Sasa nikuulize tena, mwanangu, taratibu, nawe ufikiri kabla ya kujibu. Upanga ule ni wa nani?"

Pavo akautazama upanga, akaitazama fimbo, akawaza machimbo ya chumvi.

"Wa babu yangu," akasema, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

"Shujaa!" Opimiano akapiga makofi, na wateja wakapiga pia, kwa kuwa ndiyo kazi iliyowaleta. "Na kwa vile askari hana haja ya fedha nyingi safarini, nitamtunzia ule mfuko hadi arudi."

Lakini wajanja wana kipaji kimoja: hata wanapozama, mkono mmoja hubaki juu ya maji. Pavo alijikwaa. Alijikwaa vizuri sana, akamwangukia yule bibi wa hariri, na alipoinuka mfuko haukuwa kwake tena, wala haukuonekana popote, kwa maana nguo ya kukodi ya Mukia ilikuwa na mikunjo mingi.

"Mfuko uko wapi?" Opimiano akauliza.

"Nimeutoa sadaka kwa Jupita," Pavo akasema. Wakampekua mpaka ndani ya viatu. Wakapata matope.

Pavo akamtazama Mukia kwa jicho lililosema kila kitu: dinari mia mbili mkononi mwa akida, neno moja laini, na mtu angeachiliwa. Kila mtu mjini anajua maakida wanavyoachilia watu.

"Bibi," akida akamgeukia, kwa kuwa naye alikuwa na macho, "unamfahamu kijana huyu?"

Mukia akamtazama Pavo kwa muda mrefu. Alimtazama kuanzia nywele mpaka matope. Pavo baadaye aliapa kwamba midomo yake ilitetemeka kidogo, ila Pavo ni mtu wa kuapa.

"Simjui," Mukia akasema. "Lakini sura yake ni ya askari mtupu. Ningekuwa Kaisari ningemweka mstari wa mbele."

"Bibi!" Opimiano akamkimbilia, upanga mikononi. "Usiondoke! Huu hapa. Mwambie bibi yako ni wake kwa elfu mbili."

"Bibi yangu ataruka kwa furaha," Mukia akasema. "Nakwenda kumwita." Akatoka nje kwa mwendo wa malkia, na alipofika kona ya mtaa, wachuuzi wa samaki walimwona malkia akikimbia, hariri imekusanywa magotini.

Opimiano alimsubiri mpaka jua likazama, na kesho yake, na keshokutwa. Mwishowe aliutundika upanga chini ya yule babu wa pua ya kasuku, na huyo mkwe aliyetarajiwa alipokuja kuutazama akauliza kwa adabu kama mababu wa nyumba hii walikuwa watoto.

Pavo yeye alipewa kofia ya chuma, ngao, viatu vya kanda vya misumari, vidole nje, na upanga mrefu uliomgonga goti kila hatua. Siku wanaondoka, mji ulijaa barabarani kuwaaga, wake wanalia, mbwa wanabweka. Akida Kalveno akamsogelea kwenye msafara.

"Kile kiuno," akasema kwa sauti ya chini. "Ulikisaga mwenyewe?"

"Sikukisaga mimi. Mwenzangu."

"Ana mkono mzuri. Ungemleta yeye, ningekuacha wewe."

Walipolikaribia lango la kaskazini, mwanamke mwenye shungi la kijivu akajipenyeza katikati ya watu akamfikia. Alikuwa Mukia, na nyuma yake punda amebeba kitanda, sufuria, na kapu la kuku.

"Mukia! Mwanga wa macho yangu! Nilijua utakuja!" Pavo akasema, akitembea kwa hatua ndogondogo ili asipitwe. "Umempa akida kitu?"

"Sikumpa."

"Basi nusu yangu. Sawa kwa sawa, tuliapa."

"Nimeileta," Mukia akasema, akamtilia kifurushi kifuani, akambusu shavuni kwa nguvu, hata kofia ikamkalia upande. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuyaficha. "Itunze nafsi yako, mpumbavu wewe. Ukirudi mzima, njoo Neapolisi. Utaosha vyombo."

Akageuka, akamvuta punda, akaelekea kusini.

Pavo alivumilia mpaka lango likabaki nyuma yao, kisha akakifungua kifurushi kwa vidole vyenye pupa. Kilikuwa laini. Akatumbukiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akatafuta, akapindua nje ndani.

Zilikuwa soksi za sufi, pea mbili, nene, zimefumwa vizuri.

Akazitazama kwa muda. Kisha upepo wa milimani ukavuma, wa kwanza wa safari ile, ukapenya katikati ya vidole vya miguu yake, na Pavo akakaa kando ya barabara akazivaa.